Umeme ukikatika Kolwezi, nani alitangulia? Jibu liko ndani ya saa

Umeme ukikatika usiku hapa Kolwezi, maelezo yanafika mbele ya mishumaa. « Ni Inga iliangusha », anasema mmoja. « Apana, ni ba mine banavuta courant yote », anajibu mwingine. Wa tatu anaangalia upande wa kabine ya mtaa: mvua imenyesha, radi imepiga, basi imekwisha. Asubuhi kila mmoja angali na jibu lake, na hakuna hata mmoja aliye na kitu cha kuonyesha.

Ubishi huo si wa kupitisha wakati. Mama mwenye kuuza samaki wa barafu amepoteza friza nzima. Mwenye mashini ya kusaga unga amefunga mlango. Kituo cha afya kimewasha jenereta, na mafuta ni ghali. Kama kosa lilianzia kwenye laini kubwa, ni swali la SNEL na serikali. Kama lilianzia ndani ya kiwanda, ni swali la mwenye kiwanda. Kama ni radi, basi tuulize kwa nini vyombo vya kukinga havikutenga sehemu iliyopigwa peke yake na kuacha mji uendelee. Kila jibu lina mlipaji wake.

Kujua jibu la kweli ni kujua kitu gani kilitangulia. Na katika mambo ya umeme, kilichotangulia na kilichofuata vinaweza kupishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ambayo saa ya ukutani haina habari nayo. Hapo ndipo mazungumzo ya mtaani yanakutana na kazi ambayo wengi wanadhani ni ya wanasayansi wa Ulaya tu: kupanga namna ishara ya saa inavyotolewa, inavyosafiri na inavyofika, ili mashini zilizo mbali mbali zihesabu wakati mmoja.

Kinu kimoja, mitwangio sita

Kolwezi ina mashini inayoishi kwa ishara za saa tangu zaidi ya miaka 40. Ni kituo cha kugeuza umeme, mwisho wa laini ya Inga-Shaba. Laini hiyo ilianza kazi mwaka wa 1982. Ina urefu wa kilometa 1,700 hivi, inabeba volti 500,000 za chanya na 500,000 za hasi, na ilijengwa kwa megawati 560. Wakati ule hakukuwa na laini ya umeme ndefu kuliko hiyo duniani. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo vinawasha taa ya petroli, jambo linalostahili makala yake lenyewe.

Umeme unaotoka kwenye turbini za Inga ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Ili nguvu isipotee sana njiani, Inga inaugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja, usiorudi nyuma, na huo ndio unaosafiri. Ukifika Kolwezi lazima ugeuzwe tena uwe wa kwenda na kurudi, kwani ndio unaoendesha viwanda, pampu za maji na taa zetu.

Kazi ya kugeuza inafanywa na milango ya umeme inayoitwa tiristori. Fikiri akina mama wawili ao watatu wanaotwanga mihogo katika kinu kimoja. Kila mtwangio unashuka kwa zamu yake. Hakuna anayehesabu kwa sauti, mdundo unawaongoza. Mmoja akichelewa kidogo tu, mitwangio inagongana na kazi inasimama. Katika mpangilio wa kawaida wa mashini hizi, makundi sita ya tiristori yanafunguka moja nyuma ya lingine, na kati ya moja na linalofuata kuna milisekunde 3.3, yaani sehemu 3 na kidogo za elfu ya sekunde. Amri ya kufunguka ni ishara ya saa. Mafundi wanaihesabu kwa digrii: wimbi zima ni digrii 360 na linachukua milisekunde 20, basi digrii moja ni karibu mikrosekunde 56, sehemu 56 za milioni ya sekunde. Hayo ndiyo makosa ambayo fundi wa Kolwezi anapaswa kuyaogopa kila siku, na huyo si mwanasayansi wa Geneva. Ni mtu unayekutana naye sokoni.

Upande wa kupokea, yaani wetu, ndio mgumu zaidi. Tiristori ikishafunguka haijifungi kwa amri. Inangoja wimbi la umeme wa upande wa Katanga liigeuzie mgongo ndipo izimike. Sasa, kama wimbi hilo limeanguka ghafla, kwa sababu radi imepiga laini ya jirani ao mti umegusa waya, muda uliobaki hautoshi. Tiristori haizimi, mkondo unapita mahali usipopaswa kupita, mitwangio imegongana. Kwa muda fulani nguvu ya Inga haingii tena Katanga, hata kama Inga yenyewe iko nzima kabisa.

Kwa hiyo mwenye kusema « ni Inga iliangusha » anaweza kusema kweli na kukosea katika sentensi moja. Umeme wa Inga umepotea, ndiyo. Lakini kilichoupoteza huenda kilianzia kilometa chache kutoka mlangoni kwake.

Barabara tatu za tatizo moja

Kuko jambo lingine linalochanganya watu. Laini za Katanga zimeungana na za Zambia tangu zamani: mwaka wa 1956 umeme wa Le Marinel, bwawa tunaloliita leo Nseke, ulianza kwenda Copperbelt. Leo muungano huo unafika mpaka Afrika Kusini. Maana yake, mashini za Nseke na Nzilo, zile za Kariba, na viwanda vya makaa ya mawe vya Afrika Kusini vinazunguka kwa mdundo mmoja wa mara 50 kwa sekunde, kama bendi moja iliyotawanyika katika inchi kadhaa. Inga haimo katika bendi hiyo. Ina mdundo wake na watu wake wa Kinshasa na Kongo Central. Umeme wa mkondo mmoja hauna mdundo, ndiyo sababu unaweza kuunganisha pande mbili zisizocheza pamoja.

Basi tatizo linaweza kutufikia kwa barabara tatu: kutoka Inga, kutoka Zambia, ao kutoka hapa hapa. Mwaka wa 2024 tuliona namna barabara ya Zambia inavyoweza kukauka. Ukame ulishusha maji ya Kariba, serikali ya Zambia ikatangaza hali ya msiba wa kitaifa mwezi wa pili, na kampani za huku zilizozoea kununua umeme kule zikajua njaa yake.

Barabara tatu, na kila moja ina vituo vyenye vyombo vinavyonasa matukio: swichi hii imefunguka, volti hii imeshuka. Kama vinasa hivyo vyote vina saa moja, ni rahisi. Unapanga matukio kwenye karatasi moja, la kwanza linakaa juu, na ubishi unakwisha. Kama kila kimoja kina saa yake iliyowekwa kwa mkono na fundi aliyeangalia simu yake mwezi uliopita, karatasi haina maana. Tukio la pili litaonekana la kwanza.

Hili si wazo la vitabuni. Tarehe 14 agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Canada. Watu wapatao milioni 50 walikaa gizani. Tume ya inchi hizo mbili ilikusanya kumbukumbu za matukio kwa maelfu, kisha ikagundua kwamba vinasa vingi havikuwa na wakati mmoja. Kazi kubwa ya wachunguzi ikawa kusogeza saa ya huyu, kurudisha saa ya yule, mpaka matukio yakae kwa mstari. Katika mapendekezo yao waliandika wazi kwamba vinasa vyenye saa zilizolinganishwa viwe vya lazima. Matajiri wale wenye kila kitu walikosa saa.

Sisi tuna mtego wa ziada, wa kwetu kabisa. Inga inafuata saa ya Kinshasa, Kolwezi inafuata saa ya mashariki, iliyo mbele kwa saa moja. Chukua mfano: rejista ya upande mmoja inasema mashini imesimama saa 14 na dakika 7, rejista ya upande mwingine inasema saa 15 na dakika 9. Je, ni tukio moja ambalo saa zimepishana kwa dakika mbili, ao ni matukio mawili? Mwenye kusoma hawezi kujua. Na mwenye nia mbaya anaweza kuchagua jibu linalomfaa.

Wenzetu wa Geneva wanafanyaje

Watu waliosukuma kazi hii mbali kuliko wote ni wale wanaochunguza chembe ndogo zilizo ndani ya vitu. Maabara yao kubwa, CERN, iko karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Chini ya ardhi kuna pete ya kilometa 27 ambamo makundi ya protoni yanakimbizwa na kugonganishwa. Makundi yanapishana kila nanosekunde 25, yaani mara milioni 40 kwa sekunde. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo mwanga wenyewe, usio na mpinzani wa mbio, unatembea sentimita 30 tu, urefu wa rula ya mwanafunzi.

Mashini za kuangalia migongano hiyo ni kubwa kama majumba ya ghorofa na zina vyombo vya elektroniki vya kunasa kwa mamilioni. Kila kimoja lazima kijue: alama niliyoipata sasa hivi ni ya mgongano gani? Ule wa sasa, ao ule wa nanosekunde 25 zilizopita? Kikikosea kwa zamu moja tu, kinampa mtoto wa jirani jina la baba asiye wake.

Kwa hiyo saa inapangwa miaka mingi kabla chembe ya kwanza haijakimbia. Kwanza wanachagua saa moja itakayokuwa mama wa zote. Kisha wanahesabu njia. Ishara ikipita ndani ya fibra optiki inachukua nanosekunde 5 kwa kila mita, basi chombo kilicho mita 100 mbali kinasikia nusu ya mikrosekunde baadaye. Ni kama chifu anayetaka vijiji vyote vianze kulima kwa wakati mmoja: mjumbe wa kijiji cha mbali lazima atangulie kutoka. Lakini urefu wa njia hautulii. Jua likipasha waya, safari inarefuka. Kilometa moja ya fibra ikipata digrii moja ya joto, ishara inachelewa pikosekunde 40 hivi, na pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde. Kidogo sana? Vyombo vipya wanavyotayarisha kule kwa miaka ya 2030 vinataka kutenganisha matukio yaliyopishana kwa pikosekunde 30 hivi. Basi wamevumbua mfumo walioupa jina White Rabbit, unaotuma ishara iende na irudi, unapima safari nzima, unagawa, na kusahihisha saa ya upande wa pili bila kupumzika. Michoro ya mfumo huo iko wazi kwa kila mtu kuitumia, hata kwa mwanafunzi wa Lubumbashi mwenye hamu.

Lakini kisa kinachotufaa sisi zaidi ni cha aibu yao, na walikieleza wenyewe hadharani. Tarehe 23 septemba 2011 kundi la OPERA lilitoa habari iliyozunguka dunia nzima. Walikuwa wakipokea chembe zinazoitwa neutrino, zilizotumwa kutoka CERN kupitia ndani ya ardhi mpaka maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, umbali wa kilometa 730. Kwa hesabu zao, neutrino zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Nanosekunde 60 ni mita 18 za mwendo wa mwanga, karibu upana wa kiwanja kimoja cha nyumba. Kama ingekuwa kweli, vitabu vya fizikia vingeandikwa upya.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa februari 2012, walitangaza walichokikuta. Saa ilitoka kwenye satelaiti za GPS, ikapokelewa juu ya ardhi, kisha ikashushwa kwa fibra optiki ya kilometa 8.3 mpaka chumba cha chini. Kichwa cha fibra hiyo hakikukazwa sawasawa. Mwanga ulifika ukiwa dhaifu, chombo kikachelewa kuutambua kwa nanosekunde 73 hivi. Kulikuwa na kosa la pili: saa ya chini yenyewe haikwenda sawa, na kosa hilo lilivuta upande mwingine. Neutrino hazikuwa na haraka yoyote. Mwezi wa tatu viongozi wawili wa kundi waliachia nafasi zao.

Namna walivyohakikisha ndiyo ya kukumbuka. Ndani ya mlima uleule kulikuwa na jirani, mashini nyingine inayoitwa LVD, yenye saa yake yenyewe. Mara chache, chembe inayotoka angani inapenya mlima na kupita katika mashini zote mbili. Walichukua kumbukumbu za miaka hiyo, wakalinganisha: chembe ileile, OPERA inasema saa gani, LVD inasema saa gani? Wakaona kwamba kuanzia mwaka wa 2008 mpaka mwisho wa 2011 saa hizo mbili zilikuwa zimepishana kwa zile nanosekunde 73. Miaka mitatu kosa lilikaa pale, na watu wenye elimu kubwa hawakuliona, mpaka walipouliza jirani aliyekuwa na saa isiyotoka mikononi mwao.

Kolwezi inahitaji nini hasa

Najua lawama itakayokuja: watu hawana umeme, nyinyi wa redio mnatuletea pikosekunde. Ni lawama ya haki, na jibu ni kwamba Kolwezi haihitaji pikosekunde, wala nanosekunde. Kwa kujua nani alitangulia kati ya laini, kiwanda na radi, vinasa vyenye saa zinazolingana kwa milisekunde moja vinatosha mara nyingi.

Kwa laini ndefu tunahitaji zaidi kidogo. Waya ukikatika, ao piloni ikianguka kwa sababu vyuma vyake vimeibwa, mshituko unakimbia pande zote mbili kwa mwendo unaokaribia wa mwanga, mita 300 kwa mikrosekunde. Ukijua wakati kamili uliofika Inga na wakati kamili uliofika Kolwezi, tofauti inakuambia mahali pa kosa. Saa zikipishana kwa mikrosekunde moja, unakosea kwa mita 150: timu ikifika hapo itaona kwa macho. Zikipishana kwa milisekunde moja, unakosea kwa kilometa 150. Katika kilometa 1,700 za pori na mito, kilometa 150 ni timu kutumwa katika jimbo ambalo si lenyewe, na Kolwezi kukaa gizani siku za ziada. Wala huwezi kupiga kelele « sasa! » kutoka Inga kwa fibra na kutegemea Kolwezi isikie palepale, kwani ishara ingechukua milisekunde 8.5 njiani. Ndiyo sababu kila upande unachukua saa yake juu, kwenye satelaiti, kwa antena isiyo kubwa kuliko bakuli.

Pesa zinazozungumzwa hadharani zinaenda kwenye megawati. Ivanhoe, mshirika katika mgodi wa Kamoa-Kakula, iliingia mkataba na SNEL wa kukarabati turbini namba 5 ya Inga II, ya megawati 178. Glencore, kupitia KCC, nayo ilianza mradi wa namna hiyo mwaka wa 2012. Ni miradi mizuri, hakuna wa kuikataa. Lakini turbini inapigwa picha, inakatwa utepe, inatajwa kwenye hotuba. Saa iliyofungwa ndani ya kabati ya chuma haina sherehe. Maoni yangu ni kwamba kila mkataba mpya wa megawati uwe na ukurasa mmoja juu ya vinasa: viko wapi, saa yake inatoka wapi, nani anahakikisha vichwa vya fibra vimekazwa, na nani ana haki ya kusoma kumbukumbu. Sheria ya umeme ya tarehe 17 juni 2014, ile iliyoondoa SNEL katika hali ya kuwa peke yake sokoni, ilileta pia mamlaka ya kusimamia sekta, ARE. Mwamuzi yupo. Anachohitaji ni karatasi inayosema kweli.

Swali la nani anasoma ni zito kuliko la bei. Kama kumbukumbu zinakaa kwa mwenye mashini peke yake, tumerudi kwa OPERA bila LVD.

Mambo haya hayaishii kwenye umeme. Wakaaji wa mitaa iliyopakana na karieri, Musonoi ni mmojawapo, wanajua mtikisiko wa baruti kwa miguu yao, na wengi wanaonyesha nyufa kwenye kuta. Hapo pia kuna mambo ya saa. Mwamba haulipuliwi mara moja. Matundu yanajazwa baruti na kuwashwa kwa zamu, kwa kupishanisha milisekunde, ili mitikisiko isibebane. Kuna kipimo cha zamani cha ofisi ya migodi ya Marekani: matundu yaliyopishana kwa milisekunde 8 ao zaidi yanahesabiwa kuwa mbalimbali. Viwashio vya zamani, vinavyotegemea unga unaoungua, vinateleza wakati wake. Vya elektroniki vinapangwa milisekunde kwa milisekunde. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa ukuta wa nyumba yako, tofauti ni kubwa.

Mwenye ufa akienda kulalamika, swali la kwanza analoulizwa ni siku gani na saa gani. Anajibu « ni kwenye saa nane hivi ». Hapo amekwisha kushindwa. Kinasa-mtikisiko kimoja kwenye ua wa shule, chenye saa ya satelaiti, kingejibu kwa niaba yake: tarehe fulani, saa fulani, sekunde fulani, ukuta ulitikisika kiasi hiki. Kampani nayo ingeleta orodha yake ya milipuko, na karatasi mbili zingewekwa mezani pamoja. Wakati mwingine zitamtetea mkaaji. Wakati mwingine zitaonyesha kwamba ufa unatokana na msingi mbaya, na hilo nalo ni la kupokewa.

Njia ya kukipata ipo. Kodi ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 machi 2018 inadai kampani zitenge angalau 0.3% ya mapato ya mauzo kwa miradi ya jamii, na ziwe na cahier des charges na wakaaji wanaoguswa na mgodi. Tumezoea kuandika humo shule, visima na madaraja, na ni sawa. Wajumbe wa mitaa wanaoketi kwenye mazungumzo hayo wanaweza kuongeza mstari mmoja: vinasa viwili ao vitatu, na nakala ya kumbukumbu ikae mahali ambapo kampani haina ufunguo. Kitivo cha polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wanaoweza kusoma karatasi hizo.

Kwa wale watakaoingia katika mazungumzo hayo, mambo mawili ya kazi. Saa ile nayo inakula umeme, kwa hiyo kinasa kisichokuwa na batri yake kitazimika pamoja na mji, dakika ileile tunayoitaka. Na saa iandikwe kwa UTC, ile ya dunia nzima: watu wa Inga wataongeza saa moja, sisi wa Kolwezi tutaongeza mbili.